Usiku wa Kumenya Thomu

Ndoo tatu za thomu, visu sita, wanawake kumi na mmoja,
na harusi kesho yake.
Tulikaa uani kwa kina Zeitun, Langoni,
taa imefungwa kwenye kamba ya nguo.
Wanaume tulikwisha kuwatoa nje
wakaamue mambo ya dunia.

Maganda yakaanza kuruka, na maneno nayo.
Mwanakheri akaanza na serikali, ndiyo kawaida yake,
maana serikali iko mbali, haina shangazi humu ndani.
"Wamekuja tena na unga. Pakiti mbili mbili, zina picha ya mtu.
Mume wangu kapokea. Mimi nikasonga,
nikamla yule mtu kwa mchicha,
na kura yangu iko palepale nilipoiweka."

Bi Esha ana miaka themanini na hajui kunong'ona.
"Nti hini, wanangu, imeolewa na mume asolala nyumbani.
Kila miaka mitano huja yuwanukia uturi,
hutia mimba ya ahadi, akenda."
"Basi ni kama wangu," akasema Barke,
na siasa ikageuka ndoa, hakuna aliyeonyesha njia.

Barke alitoa yote. Talaka mbili anazo,
ya tatu imeingia kwenye simu kwa herufi kubwa.
Je, kadhi huihesabu, ikiwa aliyeituma
aliomba salio kwa mke mwenyewe?
Mwache, akasema mmoja. Mvumilie, mwingine.
"Mpikie," akasema mama harusi,
akarushiwa ganda la usoni.

Kisha wezi.
Simu ya mwalimu. Mabomba ya msikiti,
hata maji ya udhu hayaogopwi!
Na mashine ya boti ya Athmani, imeng'olewa gatini usiku wa Alhamisi.
Zeitun ndiye mke wa Athmani. Alisema watoto hawa
watiwe gunia, wazamishwe mkondoni.
Tukaitikia. Nami niliitikia, lazima niliseme hilo.
Sote tulijua ni unga, ule mwingine, usiosongwa,
tulijua boti inayouleta na mwenye boti,
lakini jina lake tulilizunguka
kama punda aliyelala kichochoroni.

Somoe hakuwa amesema neno tangu magharibi.
Alikuwa amemenya peke yake karibu ndoo nzima.
Akaweka kisu chini.
"Mashine ni Shekuwe wangu.
Kaiuza Mokowe. Pesa sikuziona.
Nilimwona yeye, alfajiri, mlangoni, ana kiatu kimoja.
Nimemwosha. Ana miaka kumi na tisa, nikamwosha kama wa arubaini.
Zeitun, likiwa ni gunia,
uzito wake naujua mimi."

Tulikuwa tumesema nchi, tumesema waume,
kumbe bado hatujasema kitu.

Zeitun hakumkumbatia. Msidhani hivyo.
Alimtazama, macho mekundu,
na thomu haitoi machozi, hiyo ni kazi ya kitunguu maji.
"Ilikuwa ya mkopo," akasema.
"Najua."
"Miezi minane bado."
"Najua."
Akamsogezea ndoo. Si kwa huruma; thomu zilikuwa bado,
na Somoe ana mkono mwepesi.

Bi Esha akakohoa.
"Na huyo auzao unga ni nani? Hana jina?"
Likatajwa.
Si mimi niliyelitaja. Alilitaja mama harusi,
polepole, akiangalia vidole vyake,
kwani ng'ombe wawili wa karamu, waliofungwa nyuma ya ukuta,
tukiwasikia wakicheua,
walikuwa zawadi ya bwana huyo.

Nilinawa kwa ndimu. Nikanawa kwa majivu.
Mchana wa pili pilau ilipakuliwa,
vidole vyangu vingali vinanuka,
nikala. Wallahi nilikula,
na Somoe kando yangu alikula,
akafunga na sahani moja kwenye karatasi,
ya mtu aliyelala nyumbani.