Tangi la Kumi na Saba

Walinichukua mikono ina grisi,
pampu ya nne imefunguliwa kifua kama mgonjwa,
nati zake sita ndani ya kofia yangu.
Nikasema: ngojeni nifunge. Hawakungoja.
Hadi leo sijui nani alizifunga,
au kama Aral Mpya walioga maji baridi majira yale yote.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya kwanza tu nilipewa gwanda
lililofumuliwa jina la mtu mwingine kifuani,
matundu ya sindano bado yanasomeka: Serikbai.
Sikuuliza Serikbai yuko wapi.
Karatasi iliniita kifaa cha dharura, idadi moja.
Nikatia dole gumba. Wino haukuhitajika.

Manowari inaitwa Utiifu. Haina dirisha.
Nje, wanasema, Mshtarii imejaa anga nzima.
Kazi yangu ni kupoza mzinga.
Kwetu mzinga ni wa nyuki.
Huu wa hapa una urefu wa mtaa,
nao pia huvuma kabla ya kuuma.
"Wewe huui mtu," Luteni Hjelm aliniambia,
"wewe unazungusha maji."
Ni kweli. Yanakwenda baridi, yanarudi yakichemka,
na kinachotokea katikati sijaulizwa.

Siku ya arubaini alikuja na chai, na mchoro.
Kizil. Nilikaa huko miaka miwili
nikilaza mabomba chini ya barafu.
Mwandiko wa pembeni ni wangu,
ile saba yangu yenye mkato tumboni.
"Wameasi," alisema, kwa upole
wa mtu anayeuliza njia ya sokoni.
"Hatutaki maiti. Tunataka kiu. Tupige wapi?"

Nilimaliza chai kwanza. Haikuwa na sukari.
Tangi la tatu ni la hospitali.
La tisa, shule na mabweni.
La kumi na saba lilipasuka mwaka wa pili,
nikalikausha, nikasahau kulifuta kwenye mchoro,
na Bibisara, mjane wa mchimbaji, akaniomba ufunguo.
Akalijaza masega.
Nilimchomelea mlango, akanilipa chupa ya asali
iliyovuja begini, ikanata kwenye soksi na vitabu
hadi nikafika nyumbani.

Niliweka kidole.
"Hapa. Kila kitu kinapita hapa."

Mzinga ukapiga mzinga.

Mimi nilisikia mabomba tu,
maji yakinirudia yakichemka, nikayapoza,
nyuzi tisini, sitini, arubaini, kama kawaida.
Nyuki elfu themanini hawana kilio kinachovuka utupu.
Nikapandishwa cheo, nikapewa kofia mpya.
Sijaweka nati ndani yake.

Tangu hapo sipendi zamu ya usiku.
Pampu ikishika kasi huvuma vile vile,
nami nafikiria matikiti ya Bibisara,
maua ya manjano yamefunguka chini ya taa,
yanasubiri, na hakuna anayekuja.
Niliwaokoa na kiu. Kwa miezi mingapi?
Hesabu hiyo nimeianza mara nyingi
nyuma ya fomu za matengenezo.

Jana wamenasa redio ya Kizil.
Hawakuomba maji. Hawakuomba dawa,
wala hawakusalimu amri.
Waliomba brashi.
Za rangi, ndogo, zile za watoto,
mia mbili kama zipo.

Luteni anaamini ni msimbo.
Amewaweka watu watatu kuufumbua, hawalali.
Leo asubuhi akapita kwangu, akainama:
"Fundi, kwa watu wako, brashi maana yake nini?"

Nilikuwa chali chini ya pampu.
Nikatikisa kichwa.
Nikawaona wamechuchumaa kwenye matuta,
ua hadi ua, wakipaka chavua,
wakihesabu kwa sauti,
wakigombana nani karuka lipi.

Nilikuwa nimeuma bisibisi kwa meno.
Namshukuru Mungu kwa ile bisibisi.