Itashika?

Fomu ya uzamili iko wazi mezani,
Tbilisi, saa nane usiku, gundi imenikaukia vidoleni.
"Kwa nini unataka kuendelea na usanifu majengo?"
Nimeandika mistari mitatu. Nimefuta minne.

Miaka miwili tena. Ada.
Baba na teksi yake inayokohoa kila mlima.
Tsotne keshaajiriwa, anachora vyoo vya hoteli;
analipwa,
analala.

Lakini jana Bi Nargiza alinivuta mkono
hadi chini ya roshani yake, mbao tupu,
imeegemea chuma kama mlevi begani kwa shemeji.
"Miaka minne umesoma, mwanangu. Itashika?"

Nikagonga kwa kidole, kama daktari.
Nikatazama juu, kwa muda mrefu.
Nikasifu nakshi.

Naandika: Sikujua.

Hili silifuti.