Msimu wa Gololi

Mimi si kocha. Mimi ni fundi viatu.
Kibanda changu kimeegemea ukuta wa godauni
nyuma ya stesheni ya Nakuru,
na msimu wote niliusoma kwenye magurudumu.

Mong'are hula gurudumu la kushoto, upande wa ndani,
kama mtu anayekwepa mwenye deni lake.
Gathigia huyamaliza yote sawasawa;
walimpa unahodha bila kujua hilo.
Sirma, yake hurudi kama mapya,
mtoto hupita juu ya lami kama uvumi.
Na Naliaka, kipa, hachakazi gurudumu. Huchakaza magoti.
Nimemshonea vipande vya tairi mara tano,
mara ya tano sikumtoza.

Ligi ya watoto, timu sita,
Jumapili, baada ya ibada na kabla ya kufua sare.
Kiamunyi walikuja na magongo ya dukani.
Yetu aliyachonga Ambeva, kocha, mwenye karakana ya vitanda,
na ukiangalia vizuri mengine yalikuwa miguu ya vitanda.
Kisahani nilikikata mimi:
visigino viwili vya gambuti, gundi, usiku mmoja chini ya tofali.

Februari tulifungwa saba.
Vumbi la ziwa lilipanda, jeupe, la magadi,
likaingia kwenye gololi kama mgeni asiyeaga.
Machi tukafungwa nne. Nikasema, afadhali.
Ambeva akaniambia afadhali haihesabiwi.
Free Area tuliwapiga mbili kwa moja,
na wiki nzima Sirma alitembea na kisahani mfukoni
mpaka mwalimu wa zamu akamnyang'anya,
mama yake akaenda kukikomboa.

Siku moja Mong'are alisimama kwa mguu mmoja,
kiatu cha pili kikiwa mapajani mwangu.
"Fundi, kweli kuna watu hucheza huu mchezo juu ya barafu?"
Nasikia hivyo, nikasema.
Barafu aliyoijua ni ya Mama Adhis, ya ukwaju,
shilingi tano, unang'ata kona ya mfuko na kufyonza.
Akafikiri.
"Sasa wakianguka, si wanalowa?"
Nikagonga ribiti.

Mechi ya mwisho ilikuwa Aprili, sisi na Langalanga.
Atakayeshindwa ashike mkia.
Moja kwa moja, zimebaki dakika nne,
Menengai ikavaa wingu la rangi ya sufuria kuukuu
na mabati ya godauni yakaanza kupigwa.
Mawe.
Kama punje za mahindi, kisha kama gololi,
kisha sikupima tena.
Refa alipuliza kipenga, tukaona mashavu tu.
Wazazi kumi na wawili waliingia kibandani,
mahali pa mtu mmoja na nusu,
mmoja akakalia gundi, nikanyamaza.

Ilipokoma, uwanja ulikuwa mweupe
kutoka goli hadi goli.
Watoto walisimama ukingoni, wakiuangalia
kama sahani ambayo hujui ni ya nani.
Kisha Mong'are akasukuma mguu wa kushoto, ule wa deni,
akaingia.
Akaanguka.
Langalanga wakaingia, wakaanguka.
Naliaka akateleza kwa magoti, mikono juu,
akapita katikati ya timu zote mbili akicheka kwa sauti
ambayo sikujua anayo.
Ambeva naye, na tumbo lake. Sitasema zaidi.

Robo saa hivi. Jua likaja kuchukua chake.

Daftari la mabao lililowa, moja kwa moja ikawa doa la samawati.
Wakasema mechi itarudiwa.
Jumapili iliyofuata malori ya mahindi yaliegeshwa pale,
na iliyofuata pia, kisha shule zikafunguliwa.
Mkia hauna mwenyewe mpaka leo.

Gololi zote zilishika kutu.
Nimezilaza kwenye mafuta ya taa, mkebe kwa mkebe,
na kila jozi ina msumari wake ukutani.
Wengi wameshachukua.
Mama Mong'are alipita juzi, akasema mguu umekua,
namba nne haiingii tena, nimpe mtoto mwingine.
Nitampa.
Nimelizungusha lile la kushoto kwa kidole:
linakwenda, linaegemea ndani,
linakwenda.