Vyumba Vinne

Nesi Ndeshukurwa amechora mraba
nyuma ya karatasi ya dawa ya mtu mwingine,
mstari wima, mstari mlalo: nyumba ya vyumba vinne.
Peni yake haitoi wino vizuri, anarudia kila herufi.
Juu ameniweka mimi, A na S.
Ubavuni amekuweka wewe, Aminieli, A na S.

Sijamwambia kwamba nafundisha baiolojia
Kidato cha Nne pale Majengo,
kwamba mraba huu nimeuchora kwa chaki miaka tisa,
njegere ndefu kwa njegere fupi,
sungura mweusi kwa sungura mweusi,
na anayesahau kuandika "tatu kwa moja" namkata alama mbili.
Namwacha achore. Nataka kuona kama atakosea.

Hakosei.
Chumba cha kwanza, mtoto mzima.
Cha pili na cha tatu, watoto kama sisi,
wanaobeba bila kujua wamebeba.
Cha nne anakijaza taratibu, S na S,
kisha anafunika peni.

Seli mundu. Mundu naujua:
mama yako anaunoa kila alfajiri kule Mbokomu
kwenye jiwe lililobonyea katikati,
akakate majani ya ng'ombe kabla umande haujakauka.
Sikuwahi kufikiri kitu chenye umbo hilo
kingeweza kupita ndani ya mshipa.

Kwenye ngazi unaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepata njia:
"Robo si wa nne? Basi tuzae watatu, tukome."
Nacheka mpaka mlinzi anageuka,
nacheka mpaka si kicheko tena.
Aminieli, vyumba havipangwi kwa zamu.
Kila mimba inabisha hodi upya,
wala haiulizi aliyetangulia alilala wapi.
Sungura wa shule, weusi wote wawili,
walizaa watano: weupe watatu.
Wanafunzi wakasema, madam, kitabu kimekosea.
Nikawajibu, kitabu hakijaahidi. Kimekisia tu.
Nilijiona mwerevu siku ile.

Mbege ya wazee imekwisha onjwa.
Mjomba wako ameshauliza bei ya ukumbi.
Getini unanunua ndizi mbivu, unazimenya zote,
hatuli.
Karatasi umeikunja mara mbili,
sawasawa na mistari ya nesi,
ikaingia mfuko wa shati.

Saa nane nina kipindi cha mkondo B.
Sijafuta ubao wa jana.