Mizani ya Olavi

Mume wangu wa mizani, sheria katumikia,
Aliingia dukani na mawe ya kupimia,
Gramu hata ya jirani hakupata kuachia,
Neno lake kwa mgeni, salamu na kutulia.

Hivyo ndivyo ningependa kuendelea, nane kwa nane,
kwa kuwa ndivyo alivyokuwa yeye.
Lakini leo asubuhi, hapa Kuopio,
ndani ya lifti ya jengo letu,
amemwambia mama Heiskanen, "Umenenepa,"
akamshika tumbo kwa upole
kama mtu anayechagua tikiti.
Kwetu watu wakiwa ndani ya lifti hutazama namba.
Miaka kumi na tisa tumepanda na kushuka na mwanamke yule
bila kujua hucheka vipi.
Alicheka.
Kisha akaona macho yangu, akanyamaza.

Uso umeumbwa na haya, husemwa.
Daktari alinionyesha picha: hapa, nyuma ya paji,
na hapa, pembeni mwa masikio,
nyama inasinyaa kama tufaha lililosahauliwa darini.
Ana miaka hamsini na minane.
Mimi nilidhani amepata mwanamke mwingine.
Niliomba awe amepata mwanamke mwingine.

Watu huuliza, "Bado anakukumbuka?"
Ananikumbuka.
Anajua jina langu, tarehe ya harusi, namba ya kiatu changu.
Anajua kila mzani aliowahi kuukataa, na mwaka wake.
Kilichoondoka si jina langu,
ni kule kujali kwamba mwenye jina analia.

Januari niliteleza kwenye barafu mlangoni,
kifundo cha mkono kikalia kama kijiti.
Aliniruka jinsi mtu anavyoruka dimbwi,
akaingia ndani.
Nikiwa pale chini nikasikia kijiko kikigonga kikombe:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Vijiko sita vya sukari.
Sasa sukari naificha ndani ya mashine ya kufulia.

Katika pochi nina kadi:
Mume wangu ana ugonjwa wa ubongo. Tafadhali mvumilieni.
Nimemwonyesha muuza samaki, kondakta wa basi, mchungaji,
na kijana wa duka la pipi aliyeita polisi.
Hakuna kadi ya kunionyesha mimi.
Nimempigia kelele. Nimeufunga mlango wa jiko
nikaegemea kwa ndani huku yeye akigonga,
bila hasira, bila kuchoka, dakika arobaini.
Na hilo nalo liandikwe.

Mwanetu Inka huja Jumapili.
Huketi naye kwenye sauna, pale anapotulia,
jasho likimtoka kama kwa mtu yeyote.
Akitoka huniambia, "Leo alikuwa baba kidogo,"
nami simwulizi kidogo ni kiasi gani.

Jana nilirudi kutoka sokoni, mfuko ukinikata vidole.
Nilisimama mara mbili njiani, theluji ikinijaa kolani,
yeye akitangulia bila kugeuka.
Nyumbani, chini ya viazi, nikakuta
jiwe lake la shaba, kilo moja kamili,
lile alilokuwa akilifuta kwa kitambaa cha hariri
asiliguse kwa kidole, lisije likaongezeka uzito.
Lina alama za vidole pande zote.

Ni zawadi? Ni wizi uliokosea njia?
Au ni mkono tu uliotafuta pa kutua?
Nilimwuliza. Alisema, "Kilo moja,"
akaendelea kumenya chungwa la nne.

Sijalitoa.
Leo nimekwenda nalo hadi duka la dawa, nikarudi nalo.