Kifungu cha Sifa

Maarika Tammsalu alilikata neno langu "yapasa"
kwa kalamu ya risasi, mstari mmoja, bila hasira,
akaandika juu yake: lazima.
"Yapasa hubisha hodi," alisema. "Lazima ina ufunguo."
Nje, Mto Emajõgi ulikuwa umeganda tangu Jumanne
na mzee mmoja alimvuta mbwa juu ya barafu,
mbwa amekaza miguu kama kiambishi kilichokataa mzizi.

Tulikuwa watatu chumbani, pamoja na kipasha-joto
kilichokohoa kumshinda Endel, na Endel alikuwa na mafua.
Kazi yetu kurasa tatu na nusu:
namna ya kuandika sifa ndani ya lebo
ili kila kivinjari duniani kisome kimoja.
Jina kwanza.
Kisha, ukipenda, alama ya sawasawa.
Kisha thamani, imevikwa alama za mtajo,
au uchi, kwa masharti ya walio uchi.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.
Tulimaliza mkate mweusi wa juma zima.

Endel alikuwa ameandika hivi:
"Thamani iliyo uchi si lazima iwe na nafasi."
Maarika aliisoma mara mbili, akavua miwani.
"Hapa umewapa watu uhuru," akasema,
"na wewe ulitaka kuwafungia mlango."
Akaichukua ile "si", herufi mbili tu,
akaihamisha ng'ambo ya lazima:
lazima isiwe na nafasi.
Nikafikiri ni mikataba mingapi, ni ndoa ngapi,
zimelala na "si" upande usio wake.

Majina yalitukalisha mpaka usiku.
Mtu wa mbali alitaka herufi za Kilatini peke yake, safi, ishirini na sita.
Maarika hakubishana. Aliorodhesha yaliyokatazwa:
nafasi, alama za mtajo, mkwaju, sawasawa,
ile pembe inayofunga lebo, na vidhibiti visivyoonekana.
Akaweka nukta.
Õ ya mto wetu haikutajwa popote,
kwa hiyo imo.

Sifa mbili za jina moja kwenye lebo moja?
Marufuku. Na ikitokea, ya kwanza hushika,
ya pili hudondoka, wala hapigiwi mtu simu.

"Na hizi za kuwepo tu?" nikauliza.
Zile ambazo jina likionekana, basi ni kweli.
Ukiandika imefichwa, sawasawa, hapana,
bado imefichwa.
Endel akacheka mpaka akahitaji leso:
duka la mjomba wake kule Võru lina kibao "Tumefunga",
mtoto mmoja alikichorea "uongo" kwa chaki,
na bado hakuna aliyenunua hata msumari.

Maarika hakucheka. Alikuwa amefika
kwenye picha na maneno yake mbadala.
Picha isiyo na sifa hiyo: mwandishi amesahau.
Picha yenye sifa hiyo, thamani tupu,
alama mbili za mtajo zimegusana mabega:
mwandishi amekumbuka, akaamua kunyamaza.
"Si kitu kimoja," alisema. "Liandikwe hilo."
Kisha, akiwa bado anatazama karatasi,
akasema mama yake kule Viljandi humwekea Ülo sahani
kila Jumapili, safi, haina kitu,
na dada yake mkubwa huiondoa mezani
kabla wageni hawajaingia.

Hatukujua Ülo ni nani. Hatukuuliza.
Endel alizima kipasha-joto, kikakohoa mara ya mwisho.

Kifungu kilipita mwezi wa Aprili, barafu imeshapasuka,
kura kumi na moja, mmoja akisinzia.
Ukurasa wa tatu, kwenye maelezo madogo ya chini,
imebaki "yapasa" moja ambayo kalamu yake iliiruka.
Inabisha hodi pale mpaka leo.
Sijamwambia.