Upande wa Baba

Gari lilikuwa linainama kulia.
Kidogo tu, vidole vitatu.
Mihayo alipima kwa vidole, si kwa futi,
amechuchumaa kwenye gereji yake nyuma ya stesheni ya Tabora,
sigara isiyowashwa mdomoni.
"Aliyekuwa anaendesha hili," akasema,
"alikuwa mtu wa kushiba."

Baba alikuwa kilo mia na kumi na nne.
Miaka ishirini na sita aliketi upande ule,
Sikonge, Ipole, na huko mbele porini
ambako barabara ni jina tu,
akinunua nta na asali, akirudi usiku,
taa moja imekufa, ndoo zinasukumana nyuma
kama wapangaji wasioelewana.
Chuma kilimsikiliza, masika kwa kiangazi,
hadi kikalala.

Nilipoachiwa ufunguo wa Landruva
nilijikuta naendesha nimeegemea kushoto.
Hakuna aliyenifundisha.
Mwili uliona wenyewe.

Halafu mwezi wa sita, kwenye korongo moja
ambalo nalijua kama ninavyoijua ngazi ya nyumbani,
ndoo saba zilipasuka kwa mtikisiko mmoja.
Asali ikachuruzika hadi kwenye vumbi,
nyuki wakaja kudai chao,
na mimi ndani, vioo juu, jasho,
nikizidisha saba kwa ishirini,
nikipata jibu lilelile.

Springi mpya zilishuka na treni ya Jumatano,
nne, zimefungwa waya,
zimepinda kama nyusi za mtu aliyeshtuka.
Shokamzoba za manjano. Bushi ngumu.
Hela ya mahari ya mtu, nilimwambia Mihayo.
"Basi oa barabara," akanijibu.

Yu-boliti za zamani zilikataa.
Zikalazwa na dizeli, zikakataa.
Usiku wa pili dizeli tena, asubuhi moto,
na nyundo ya Ndisha, mwanagenzi
asiyeweza kupiga bila kutukana kwa Kinyamwezi.
Ilipoachia ya mwisho
gari zima lilishusha pumzi juu ya magogo
na udongo wa njia zote zile ukamwagika chini,
mwekundu, mweusi wa mbugani, mwekundu tena.
Ndani yake kizibo cha soda,
na kipande cha nta, kikavu kama jino.

Mihayo akalaza springi mbili kuukuu sakafuni.
Ya kushoto bado ilikuwa na mgongo.
Ya kulia imenyooka kama rula.
"Nizipeleke kwenye skrepa?"
Nikasema ile ya kushoto, sawa.

Siku ya kwanza nililia kwamba nimelaghaiwa.
Gari liliruka kwenye kila kokoto pale Ipuli,
meno yangu yakabishana.
Mihayo alicheka, sigara ikamponyoka.
"Springi mpya haijui mzigo. Kaipakie."

Nikaipakia. Ndoo thelathini za Ipole.
Ikaketi taratibu, kwa adabu,
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.
Pale korongoni nilipunguza mwendo, nikafumba jicho moja.
Chini. Juu. Mara moja tu.
Hakuna ndoo iliyosema neno.

Ile ya kulia nilimpa Kasanda, mhunzi,
akaikata jani kwa jani.
Jani refu amelifanya shoka la kuchongea mizinga.
Anasema linashika makali kuliko chuma chochote cha duka,
anasema hajui kwa nini.
Mimi pia nilinyamaza.

Mama alikuwa kiti cha kushoto siku ile ya kurudi.
Alinitazama muda mrefu,
kitenge kimekaza mfuko wa karanga mapajani.
"Mbona umekaa upande?"
Nikajiona kwenye kioo:
bega limeshuka, shingo imepinda,
nasahihisha kosa ambalo halipo tena.

"Gari limenyooka," akasema. "Nyooka na wewe."

Nilijaribu hadi Sikonge.